Kuizuru Lisbon kwa Miguu na kwa Fedha Kidogo

Lisbon, mji mkuu wa Ureno uliojengwa juu ya vilima karibu na mahali Mto Tejo unapoingia baharini, ni miongoni mwa miji ya kale ya Ulaya ambayo msafiri wa peke yake mwenye fedha kidogo anaweza kuielewa kwa kina bila kulipa viingilio vingi, kwa sababu sehemu kubwa ya historia yake imo katika mitaa, ngazi, viwanja na makanisa yanayofikika bure. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ipo sababu nyingine ya kuuchagua mji huu kabla ya Paris au Roma, nayo ni kwamba hapa ndipo zilipong'oa nanga merikebu zilizofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na hapa ndipo ilipopelekwa sehemu ya mali iliyochukuliwa kwa nguvu katika pwani ya Waswahili miaka iliyofuata. Anayekwenda bila kulijua hilo hupata mji mzuri wa vigae na mwanga wa mto, na hilo si haba. Anayekwenda akilijua hupata pia upande wa pili wa habari ambayo magofu ya Kilwa Kisiwani na kuta za Ngome ya Yesu ya Mombasa huisimulia kwa upande wa Afrika.

Maandalizi huanzia kwenye viza. Ureno imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka iliyo kati yao, na viza ya muda mfupi ya eneo hilo humruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 katika kipindi cha siku 180. Ombi linaweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na halipaswi kuchelewa hadi zikabaki pungufu ya siku 15. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, nayo hairudishwi ombi likikataliwa, na bima ya matibabu ya safari inatakiwa iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Msafiri wa peke yake huulizwa kwa makini zaidi kama atarejea kwao, kwa hiyo barua ya mwajiri au ya chuo, taarifa za benki zinazoonyesha mapato ya kawaida badala ya fedha nyingi zilizoingia ghafla, na nafasi ya malazi inayoweza kufutwa bila faini ni nyaraka zenye uzito kuliko maelezo marefu. Ni busara kutolipia tiketi ya ndege isiyorudishiwa fedha kabla viza haijatoka.

Majira nayo yana bei zake. Julai na Agosti mji hujaa, jua huwa kali na vitanda hupanda bei. Wiki ya katikati ya Juni hupanda pia kwa sababu ya sikukuu ya Mtakatifu Antonio, mzaliwa wa Lisbon, ambayo kilele chake ni usiku wa tarehe 12 kuamkia 13, wakati mitaa ya kale hujaa moshi wa dagaa wakubwa wanaochomwa nje ya milango ya nyumba. Machi, Aprili, Oktoba na mwanzo wa Novemba hufaa zaidi kwa mfuko mdogo. Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya bei nafuu kabisa, lakini mvua hunyesha na nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kuzipasha joto, hivi kwamba mtu aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa huweza kuhisi baridi ndani ya chumba kuliko barabarani.

Uwanja wa ndege umo ndani ya mji, na kituo cha treni ya chini ya ardhi, ambayo wenyeji huiita metro, kiko hapo hapo mlangoni, kwa hiyo hakuna haja ya kukodi teksi. Njia nyekundu humpeleka msafiri hadi Alameda, ambako hubadili na kupanda ya kijani inayoshuka hadi Rossio, Baixa-Chiado na Cais do Sodré, vituo vitatu ambavyo mguu unaweza kuanzia kuujua mji. Nauli hulipwa kwa kadi ya karatasi ngumu iitwayo Navegante, inayouzwa kwenye mashine za vituoni kwa nusu euro, na namna nafuu ya kuitumia ni ile iitwayo zapping, yaani kuweka fedha kwenye kadi na kukatwa kiasi kidogo kila safari, iwe kwa metro, basi, tramu, treni za kitongojini au kivuko. Kila mtu huhitaji kadi yake. Kumlipa dereva fedha taslimu ndani ya basi au tramu huwa ghali zaidi.

Kuhusu malazi, hosteli, yaani nyumba za wageni ambamo kila mtu hulipia kitanda katika chumba cha pamoja, zimeenea sana Lisbon na nyingi zina jiko ambalo mgeni anaweza kupikia. Wengi huvutiwa kulala Alfama kwa sababu ya uzuri wake, lakini mtaa huo ni wa ngazi, na atakayeuparamia na begi zito usiku wa kwanza atajuta. Maeneo ya Intendente, Anjos na Arroios, yaliyo kwenye njia ya kijani ya metro, yana miteremko ya wastani, maduka ya vyakula ya bei ya kawaida na wakazi wa kila asili. Kufuli dogo la kufungia kabati la hosteli ni kitu cha kubeba kutoka nyumbani. Kwenye hesabu ya malazi iongezwe kodi ya mji, ambayo ni euro 4 kwa kila usiku kwa mgeni mwenye umri wa miaka 13 au zaidi, hutozwa kwa usiku usiozidi saba, na mara nyingi hudaiwa mgeni akifika, nje ya bei aliyokwisha kuilipa mtandaoni.

Matembezi yenyewe yafaa kuanzia Baixa, mtaa wa bondeni kati ya vilima viwili, kwa kuwa ndio ufunguo wa kuelewa kwa nini Lisbon ina sura iliyo nayo. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa waumini na mishumaa ikiwaka, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji. Yakafuata mawimbi makubwa kutoka mtoni, kisha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Jumba la mfalme lililokuwa kando ya maji liliangamia pamoja na maktaba yake, na ikaangamia pia hifadhi ya nyaraka za Casa da Índia, ofisi ya kifalme iliyosimamia biashara ya Ureno na nchi za mashariki, ikiwemo dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, hivyo kwamba sehemu ya kumbukumbu za pwani ya Afrika Mashariki ilipotea mjini Lisbon siku hizo. Uwanja mpana unaoitwa leo Praça do Comércio umekaa mahali hapo, na wenyeji wengi bado huuita Terreiro do Paço, yaani uwanja wa jumba la mfalme.

Waziri aliyesimamia ujenzi mpya, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Markisi wa Pombal, aliwaachia wahandisi wakiongozwa na Manuel da Maia wachore mitaa iliyonyooka, nyumba za kimo kimoja na kuta zilizofichwa ndani yake fremu ya mbao zilizopishana kwa mshazari, iitwayo gaiola, kwa maana ya tundu la ndege, ili nyumba ikitikiswa ipinde bila kuanguka. Mitaa iligawiwa mafundi na wafanyabiashara kwa aina ya kazi, na majina ya Rua do Ouro, mtaa wa dhahabu, Rua da Prata, wa fedha, na Rua dos Sapateiros, wa washona viatu, yamebaki. Mtu akisimama katikati ya Rua Augusta anatazama mpango wa mji wa karne ya 18 ulio kamili, bila kulipa chochote. Kisha akipanda kidogo hadi uwanja wa Carmo ataona matao ya kanisa la watawa yaliyoachwa wazi bila paa tangu tetemeko lile, na sehemu yake huonekana kutoka nje ya lango.

Vilima ndivyo vinavyowachosha wageni na kuwafanya watoe fedha bila sababu, na hapa maarifa madogo huokoa mengi. Kati ya Baixa na mtaa wa juu wa Chiado, ngazi za umeme za kituo cha metro cha Baixa-Chiado humpandisha mtu kutoka Rua do Crucifixo hadi kileleni bila kupita kwenye vizuizi vya tiketi, wakati watalii wamepanga foleni ndefu kwenye lifti ya chuma ya Santa Justa ya mwaka 1902. Upande wa kilima cha ngome ya São Jorge kuna lifti ya bure ndani ya jengo la Rua dos Fanqueiros inayotokea Rua da Madalena, na hatua chache mbele yake kuna nyingine katika jengo la Chão do Loureiro lililokuwa soko. Tramu namba 28, ile ya njano na ndogo inayopita kati ya Martim Moniz na Campo de Ourique, ina sifa kubwa kuliko raha yake: mchana hujaa hadi mlangoni, abiria wengi husimama bila kuona dirisha, na wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko njia nyingine yoyote. Anayeitaka aipande alfajiri, au atembee kwa miguu akifuata reli zake kutoka kanisa kuu hadi Graça, jambo linalochukua muda mfupi na kumwonyesha zaidi.

Alfama na Mouraria, mitaa miwili iliyo kwenye miteremko ya kilima cha ngome, ndiyo inayobeba umri wa mji. Lisbon ilikuwa chini ya watawala Waislamu kwa karne kadhaa hadi mwaka 1147, Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, alipouteka akisaidiwa na wapiganaji wa vita vya msalaba waliokuwa safarini kwenda mashariki. Kanisa kuu lilianza kujengwa muda mfupi baadaye, na Waislamu waliobaki wakatengewa makazi nje ya ukuta, ambayo ndiyo Mouraria. Mzaliwa wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hatababaika sana katika vichochoro hivi, kwa kuwa atakuta njia nyembamba za kukinga jua, vibaraza vya mawe na nyumba zinazotazamana kwa karibu kama za kwao. Kiingilio cha ngome ya São Jorge ni kikubwa kwa kile kinachoonekana ndani, ambacho kwa sehemu kubwa ni kuta zilizokarabatiwa katika karne ya 20. Mandhari ile ile, pamoja na ngome yenyewe, huonekana vizuri zaidi na bure kutoka kibaraza cha Senhora do Monte. Viatu viwe vya soli inayoshika, kwa sababu mawe madogo ya chokaa yaliyotandazwa kwenye njia za miguu huteleza mno yanapolowa.

Belém, kitongoji cha magharibi kinachofikika kwa tramu namba 15 au kwa treni kutoka Cais do Sodré, ndiko merikebu zilikoagwa. Nyumba ya watawa ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya Mfalme Manuel I na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa biashara ya viungo, ina ua wa ndani wenye kiingilio, lakini kanisa lake kwa kawaida huingiwa bure, nalo ndilo lenye kaburi la Vasco da Gama, aliyeziongoza merikebu zile za mwaka 1498, upande wa kushoto mara baada ya mlango, likiwa limechongwa merikebu ubavuni. Alifia Cochin huko India mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa hapa mwaka 1880. Upande wa kulia limewekwa kaburi la mshairi Luís de Camões, ambaye utenzi wake Os Lusíadas, uliochapishwa mwaka 1572, humfanya da Gama asimulie historia ya Ureno mbele ya mfalme wa Malindi. Msomaji wa pwani hana budi kulitilia maanani jambo hilo, kwamba katika utenzi mkuu wa taifa hilo msikilizaji aliyekaa kitako kupokea habari zake ni mtawala wa mji wa Waswahili. Mnara wa Belém ulio ukingoni mwa mto unatosha kutazamwa kutoka nje, kwani uzuri wake wote umo katika nakshi za kuta zake.

Kiingilio kimoja ambacho msafiri wa Afrika Mashariki anapaswa kukilipa, hata ikimlazimu kula mkate na jibini siku hiyo, ni cha Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, yaliyo katika mtaa wa Janelas Verdes, kati ya Belém na Baixa. Humo mna monstransi, yaani chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyesha Ekaristi kwa waumini, kiitwacho Custódia de Belém, chenye kimo cha kama sentimita 73, kilichoundwa kwa dhahabu na kwa enameli, ambayo ni unga wa kioo cha rangi unaoyeyushwa juu ya madini hadi ushikamane nayo. Kazi hiyo inahusishwa na sonara Gil Vicente, na ilikamilika mwaka 1506. Katikati mitume 12 wamepiga magoti kulizunguka pambo la kioo, kila mmoja na vazi la rangi yake. Kwenye shina zimewekwa tufe za wanafalaki, nembo ya Mfalme Manuel. Na kuzunguka kitako yamechongwa maandishi yanayosema kwamba mfalme aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi za Kilwa.

Msafiri asipite haraka mbele ya chombo hicho. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alifika Kilwa na kundi la merikebu zenye mizinga akamlazimisha mtawala wa mji, Amir Ibrahim, kujiweka chini ya mfalme wa Ureno na kulipa mithkali 1,500 za dhahabu, mithkali ikiwa kipimo cha wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi kinachozidi kidogo gramu nne. Dhahabu hiyo, iliyochimbwa bara nyuma ya Sofala na kupitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiswahili, ilifika Lisbon mwaka 1503. Miaka miwili baadaye kundi jingine la merikebu za Ureno, likiongozwa na Francisco de Almeida, lilifika likaipora Kilwa, likajenga ngome, kisha likaichoma Mombasa. Ni nadra mtu kuweza kuona kwa macho yake mali ya mji wa Waswahili wa zama hizo ikiwa na jina la mji huo limeandikwa juu yake, na ni haki ya kila mtoto wa pwani anayefika Lisbon kuinama na kulisoma. Makumbusho mengi ya serikali hufungwa Jumatatu, kwa hiyo siku hiyo iachiwe mitaa na vibaraza.

Waafrika wamekuwa sehemu ya mji huu kwa muda mrefu, tena kwa mateso. Katikati ya karne ya 16 inakadiriwa kuwa karibu mmoja kati ya wakazi kumi wa Lisbon alikuwa mtumwa, na jina la mtaa wa Poço dos Negros, kwa maana ya kisima cha watu weusi, linahusishwa na shimo ambalo Mfalme Manuel aliamuru lichimbwe mwaka 1515 kwa ajili ya maiti za watumwa zilizokuwa zikitupwa ovyo. Leo, mbele ya kanisa la São Domingos karibu na Rossio, wahamiaji kutoka Guinea-Bissau na kwingineko hukutana kuzungumza na kuuza njugu na vikolombwezo. Uwanjani hapo pana pia mnara wa kuwakumbuka Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa na kisha kuuawa kwa halaiki mwaka 1506. Anayetaka kuifuata historia hiyo hadi karne ya 20 arudi kwenye uwanja wa Carmo, ambako tarehe 25 Aprili 1974 waziri mkuu Marcelo Caetano alizingirwa kambini na wanajeshi waliochoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, akasalimu amri. Miongoni mwa waliowachosha walikuwa wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962. Makumbusho ya Aljube, kando ya kanisa kuu, yamo katika gereza walimofungwa wapinzani wa utawala wa kidikteta ulioangushwa siku ile, na kiingilio chake ni kidogo.

Chakula huligharimu kundi kidogo na mtu mmoja zaidi, lakini Lisbon ina desturi zinazomfaa anayekula peke yake. Katika tasca, yaani mgahawa mdogo wa kifamilia, mchana huuzwa prato do dia, chakula cha siku, ambacho huwa samaki au nyama pamoja na wali na viazi, kwa bei iliyo chini ya ile ya jioni, na kukaa kwenye kaunta si jambo la kuonewa huruma. Mkate, zeituni na jibini huwekwa mezani bila kuagizwa, nazo zikiguswa hutozwa, hivyo asiyezitaka azirudishe mapema kwa upole. Mwislamu atambue kwamba bifana, mkate maarufu wa nyama, ni wa nguruwe, na kwamba caldo verde, supu ya sukuma na viazi, mara nyingi hutiwa kipande cha soseji ya nguruwe. Migahawa ya Wabangladeshi katika Rua do Benformoso, karibu na Martim Moniz, huuza chakula cha halali kwa bei nafuu, na Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Maji ya bomba hunyweka.

Mji ni salama kwa kadiri kubwa, hata kwa mwanamke anayetembea peke yake, ila simu isiachwe juu ya meza ya nje na begi livaliwe kifuani kwenye tramu. Katika mitaa ya Baixa wapo vijana wanaonong'ona wakiuza kile wanachodai kuwa bangi, ambacho aghalabu ni majani tu. Atakayesema hapana bila kusimama hatasumbuliwa. Namba ya dharura ni 112. Msafiri akiwa na jioni ya ziada apande kivuko cha Cais do Sodré kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto, safari ya kama dakika kumi inayolipwa kwa kadi ile ile, na ambayo humpa sura ya mji mzima kutoka majini kama walivyouona mabaharia. Siku ya kuondoka akumbuke kwamba metro huanza saa 12:30 asubuhi na hufungwa saa 7 usiku, hivyo mwenye ndege ya alfajiri aulizie usiku uliotangulia basi la usiku linalopita karibu na hosteli yake, au atenge tangu mwanzo fedha ya teksi hiyo moja.